Ngurumo katika Maeneo Machache

Mwanzoni mwa Machi, kama saa sita na nusu mchana, jua hupita juu kabisa ya utosi wa mtu aliyesimama Dar es Salaam. Kivuli chake humwishia miguuni. Litapita hivyo tena Oktoba, na kila linapopita huvuta mvua nyuma yake: safari ya kwanza masika, safari ya pili vuli. Lakini mvua kubwa hazianzi siku hiyohiyo. Kuna majuma ya kungoja, mchana joto likifika nyuzi 32 au 33 na usiku likigoma kushuka sana chini ya 25, bahari nayo imekwisha kupata moto wa kiangazi kizima. Kaskazi imeanza kuchoka, kusi haijashika. Watu wa pwani wanakiita kipindi hiki maleleji. Huku Temeke tunakaa barazani mpaka usiku mkubwa kwa sababu ndani hakukaliki, na redio inasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA: mvua na ngurumo za radi katika maeneo machache.

Maeneo machache yapi? Hilo ndilo swali la barazani, na kesho yake linafuatwa na lawama: wamesema mvua, mbona hapa kwetu vumbi? Nadhani lawama hiyo si ya haki. Mvua ya radi ya majira haya haiji kwa mji mzima. Inaweza kulowesha Bunju mpaka mifereji ikafurika, ikairuka Sinza na Manzese, kisha ikaangukia Chamazi saa mbili baadaye. Anayetaka kuijua anahitaji macho sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na macho hayo hayauzwi dukani. Ni ya watu.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Nimekulia Tandika, na sasa naishi Chamazi, kule ambako taa za uwanja wa Azam Complex huangaza anga usiku wa mechi. Kazi imenifundisha kuuheshimu umeme wa kwenye nyaya, lakini ule wa mawinguni niliupenda kabla sijashika bisibisi. Radi ikianza, bibi yangu alikuwa akitukusanya chumbani, anafunika kioo cha kabati kwa khanga, anazima redio, anamvua nguo aliyevaa nyekundu. Wenzangu walijificha chini ya shuka. Mimi nilitafuta upenyo wa dirisha.

Ukubwani nikakutana na watu wenye hamu hiyohiyo. Yuko mwalimu mstaafu wa jiografia anayeishi Mtoni Kijichi. Sisi sote tunamwita Mwalimu. Yuko kijana mlinzi wa usiku huko Boko, ambaye kazi yake ni kukesha na hivyo haikosi radi hata moja. Yuko mama anayenunua samaki Mbweni alfajiri, na mume wake ni mvuvi, kwa hiyo kwao anga si jambo la kutazamwa kwa raha tu. Na yuko mama wa makamo wa Mabwepande tunayemwita Shangazi, ambaye nitamrudia. Hatuna mwenyekiti wala michango. Radi ikionekana, aliyeiona anampigia mwenzake na kumwambia mambo machache: uko wapi, saa ngapi, upande gani, sekunde ngapi kati ya mwanga na mlio, upepo unatoka wapi, mvua imeanza au bado.

Usiku mmoja wa Machi utatosha kuonyesha faida ya kupigiana simu huko.

Ilikuwa saa tano. Mlinzi wa Boko akanipigia: "Fundi, baharini kunawaka."

"Unasikia mlio?"

"Hakuna mlio, kaka. Mwanga tu, upande wa Unguja."

Mwanga bila mlio huwatisha wengine, wakadhani ni radi ya aina nyingine. Ni radi ileile, iko mbali tu. Ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilomita 15 au 20, lakini wingu lililopanda juu sana huonekana usiku kutoka kilomita 100 na zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Unguja ni kama kilomita 70. Kwa hiyo mtu aliyesimama Boko au Kunduchi anaweza kutazama mvua ya radi ikipiga katikati ya mkondo wa bahari kwa saa nzima bila kusikia chochote isipokuwa mbu na mawimbi.

Lakini kwa nini baharini, na kwa nini usiku? Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya bara hupanda, na hewa ya baharini huingia kujaza nafasi. Ndio ule upepo wa mchana unaowapoza watu wa Msasani. Kwa hiyo mawingu ya radi ya mchana hujijenga bara, juu ya vilima vya Pugu na Kisarawe, alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa kwanza, na hewa yake nzito huteleza kuelekea baharini. Wavuvi wanauita upepo huo umande, na kwa karne nyingi ndio uliozitoa ngalawa pwani kabla hakujakucha. Umande ukikutana na kaskazi yenye unyevu juu ya bahari ya moto, pepo mbili zinasukumana na hakuna inayokubali kurudi nyuma. Hewa hukosa pa kwenda ila juu. Ndiyo maana pwani yetu mvua nyingi huja usiku wa manane au alfajiri, watu wakiwa usingizini.

Ziwa Victoria hufanya jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Usiku pepo za nchi kavu humiminika ziwani kutoka pande zote, Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu na Entebbe, zikakutana katikati na kusimamisha mawingu makubwa juu ya wavuvi wa dagaa. Na ukienda magharibi zaidi, Kabare katika Kivu, mashariki mwa Kongo, utafika mahali panapopigwa na radi kuliko pengine popote Afrika. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa 2016 ulihesabu huko zaidi ya miale 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Duniani kote palipopita hapo ni mahali pamoja tu, Ziwa Maracaibo la Venezuela. Sisi wa Afrika Mashariki tunakaa katikati ya nyumba ya radi, na ingefaa tuwe watu wanaoijua kuliko wote.

Turudi kwenye wingu la mlinzi wa Boko. Hewa yenye unyevu ikishaanza kupanda, mvuke wake hugeuka matone, na mvuke unapogeuka matone hutoa joto. Joto hilo huisukuma hewa ipande zaidi. Lakini hewa haipandi kila mahali kwa pamoja. Tazama sufuria ya maji jikoni: mapovu huanza sehemu moja, kisha nyingine, na baina yao maji yametulia. Mbingu ya Machi ni hivyo, na "maeneo machache" ya redio ni yale yenye mapovu. Mtaalamu anaweza kukuambia jioni kwamba usiku maji yatachemka. Povu litakalotokea juu ya paa lako halijui mtu.

Wingu hilo, ambalo wataalamu huliita kumulonimbasi, laweza kufika kilomita 15 kwenda juu, mara mbili na nusu ya kimo cha Kilimanjaro. Ndege za abiria husafiri kwenye kilomita 10 hadi 12, kwa hiyo rubani haliruki wingu hilo, hulizunguka. Katika nchi zetu za joto, ukifika kilomita kama tano juu maji huanza kuganda. Fikiria hilo vizuri: chini watu wa Mbweni wanatokwa jasho, na juu yao, katika wingu hilohilo, imejaa barafu. Na barafu ndiyo inayozaa umeme. Vipande vizito vinashuka, chembe nyepesi zinapandishwa na upepo, zinagongana mamilioni kwa mamilioni, na katika kugongana hunyang'anyana chaji. Chembe nyepesi hubeba chaji chanya hadi juu, vile vizito hubaki na chaji hasi katikati na chini. Tofauti ikizidi kiasi hewa ishindwe kuizuia, umeme huruka. Mwingi huruka ndani ya wingu au kati ya mawingu. Sehemu ndogo ndiyo inayotufuata sisi ardhini.

Saa sita usiku wingu likafika Mbweni. Mama wa samaki alipiga akipaza sauti juu ya kelele za mabati. "Fundi, upepo umekuja wa baridi, baridi kabisa! Wamewahi kuvuta vyombo?" Hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anamuuliza mtu aliyekuwa naye, kwa sababu mumewe alikuwa miongoni mwa waliotoka. Nyuma yake nikasikia mtu akimjibu kwamba wamekwisha kurudi, waliuona mwanga mapema. Nikashusha pumzi.

Upepo ule wa baridi unaotangulia mvua hutoka ndani ya wingu lenyewe. Matone yanaposhuka huvuta hewa pamoja nayo, na baadhi yake hukauka njiani na kuipoza. Hewa hiyo nzito hudondoka, hupiga ardhi, kisha hutawanyika pande zote. Ndiyo inayopeperusha mchanga na kung'oa bati lililopigiliwa vibaya. Mtu akisikia baridi ya ghafla katika usiku wa joto, asiseme afadhali kumepoa. Aingie ndani.

Mlinzi wa Boko alikuwa anahesabu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na mwanga hufika papo hapo. Kwa hiyo hesabu sekunde kutoka mwanga hadi mlio, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Alianza na kumi na mbili, yaani kilomita nne. Ikawa sita. Ikawa tatu. Kisha akasema, "Naingia," na simu ikakatika. Alifanya vema, sekunde tatu ni kilomita moja tu, na hata sekunde thelathini si umbali wa kuchezea, kwa kuwa radi yaweza kupiga kilomita 10 mbele ya mvua.

Wakati huohuo Shangazi, ambaye Mabwepande yake iko upande wa bara nyuma ya Bunju, alipata upepo na matone ya kuhesabika. Na mimi Chamazi nilikuwa nazitazama nyota.

Saa saba kasoro mlinzi akarudi: mvua imepungua, inadondoka tu. Wingu moja la radi haliishi sana. Nusu saa, pengine saa nzima, kisha mvua yake yenyewe huzima hewa iliyokuwa ikipanda. Nilidhani tungelala. Mwalimu ndiye aliyetuzuia. Sauti yake ya darasani haijamtoka: "Subirini upepo. Mvua ya Mbweni imekufa, upepo wake haujafa."

Na kweli. Ile hewa baridi iliyomwagika Mbweni ilikuwa inatambaa chini kuelekea kusini, na mbele yake kulikuwa na hewa ya Temeke, nzito, yenye jasho la siku nzima. Hewa baridi huingia chini ya hewa ya moto na kuinyanyua. Saa saba na nusu minazi ya Kijichi ikageuza makuti. Muda kidogo baadaye barazani kwangu joto likakatika ghafla. Nyota za upande wa kaskazini zikaanza kupotea moja baada ya nyingine. Saa nane mwanga wa kwanza ukapiga, karibu, mweupe wenye zambarau, ukanionyesha mti wa mwembe wa jirani jani kwa jani.

Nikahesabu tisa. Nikampigia Mwalimu, yeye alihesabu ishirini na moja. Mimi kilomita tatu, yeye saba, na baina yetu ni kama kilomita kumi. Hesabu ikatuambia bila ramani: wingu liko katikati yetu, juu ya Charambe, upande wangu zaidi. Watu wawili wenye simu na saa wameipata radi mahali ilipo. Mpaka leo jambo hilo hunipa furaha kubwa.

Kisha likaja lenyewe. Ukitazama mwale mmoja vizuri utaona unapepesa. Huo si mchezo wa macho: njia ikishafunguka katika hewa, umeme hupita humo mara tatu, mara nne, wakati mwingine zaidi, kabla hujakopesa macho. Ndani ya njia hiyo, ambayo si nene, joto hufika kama nyuzi 30,000, karibu mara tano ya uso wa jua. Hewa hutanuka kwa nguvu kiasi cha kupasuka, na mpasuko huo ndio ngurumo. Ikiwa karibu ni mlio mmoja mkali. Ikiwa mbali huvingirika, kwa sababu mwale una urefu wa kilomita kadhaa na sauti ya kila kipande hufika kwa wakati wake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi Mbagala lililipuka, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Februari 2011, usiku, ikawa Gongo la Mboto, na huko pia zaidi ya 20 walikufa, maelfu wakatembea gizani bila kujua waendako. Watoto waliopotezana na wazazi wao usiku ule sasa ni watu wazima. Katika mitaa yetu ngurumo ya kwanza ya msimu haisikilizwi kwa namna inavyosikilizwa Mikocheni. Jirani yangu, mama aliyekuwa Mbagala Kuu mwaka 2009, kila radi inapopiga karibu hutoka ukumbini na kusimama mlangoni, amewashika wajukuu mikono, mpaka asikie mvua. Akishaisikia mvua juu ya bati hutulia, maana mabomu hayaji na mvua. Wapo wanaosoma dua. Kurani ina sura inayoitwa Ra'd, yaani ngurumo ya radi, na nyumba nyingi za Mbagala huikumbuka usiku huo. Mimi, usiku ule wa Machi, niligonga kwake na kumwambia kupitia dirishani: "Mama, ni radi. Imetoka Mbweni tangu saa sita, tumeifuata njia nzima." Akajibu, "Ahsante, mwanangu." Kwangu hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kupigiana simu usiku.

Asubuhi, saa tatu, tukasoma makopo. Saa hiyo ndiyo vituo vya hali ya hewa husoma mvua ya saa 24 zilizopita, na sisi tunaifuata ili namba zetu ziweze kulinganishwa na zao. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa linafaa, la maziwa ya unga kwa mfano. Liweke mahali pa wazi, mbali na ukuta na mti, lisimamishe imara, kisha pima kina cha maji kwa rula. Mimi nilikuta milimita 40 na kidogo. Mwalimu hakupata hata theluthi yake. Shangazi hakufikisha milimita moja. Dada yangu wa Tandika alikuwa anafagia vumbi.

Milimita 40 huonekana kidogo kwenye rula. Lakini milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa la nyumba yenye mita za mraba 100 lilipokea usiku ule lita 4,000, yaani simtanki nne za lita elfu moja, katika muda mfupi kuliko wa kupika maharage. Zidisha kwa mapaa ya mtaa mzima, barabara za lami na viwanja vilivyowekwa zege, mahali ambapo zamani mchanga wa mashamba ya mikorosho ulikunywa maji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wetu. Wote wana mapaa, na maji ya mapaa yote yanatafuta bonde.

Shangazi analijua hilo kuliko mimi. Alikuwa anaishi bonde la Msimbazi, karibu na Jangwani, Desemba 2011. Mvua iliyoanza tarehe 20 mwezi ule iliua zaidi ya watu 40, na TMA ikasema mvua ya namna hiyo haikuwa imeonekana Dar es Salaam tangu 1954. Serikali iliwahamishia waathirika wengi Mabwepande, kwenye mahema kwanza, viwanja baadaye. Mafuriko yamerudi bondeni mara nyingi tangu hapo. Aprili 2014 na Aprili 2018 watu walikufa tena. Shangazi yuko mwinukoni sasa, lakini ana ndugu waliobaki. Nilipomuuliza kwa nini anaangalia radi upande wa Pugu wakati yeye yuko Mabwepande, alinijibu: "Fundi, maji ya Jangwani hayaanzii Jangwani."

Amesema kweli. Msimbazi huanzia vilima vya Kisarawe na Pugu, hupita Ukonga, Vingunguti na Kigogo ndipo ufike Jangwani. Kwetu Temeke, Kizinga na Mzinga nayo hutoka bara. Radi ikipiga Kisarawe saa mbili usiku na wewe uko Kigogo chini ya nyota, usifurahi kwamba imekukwepa. Maji yake yako njiani. Ndiyo maana Shangazi akiona Pugu inawaka hatupigii sisi kwanza. Anawapigia ndugu zake wa bondeni, anawaambia wanyanyue godoro na vyeti vya watoto.

TMA ina rada ya hali ya hewa hapa Dar es Salaam, nyingine Mwanza, na miaka ya karibuni zimeongezwa mikoa mingine, Mtwara ikiwamo. Rada huona matone ndani ya wingu na mwelekeo wake. Tahadhari zao nazifuata, na nawaomba wasomaji wazifuate. Lakini kati ya tahadhari ya mkoa na mlango wa chumba cha mtu kuna pengo, na pengo hilo hujazwa na jirani anayeangalia.

Sasa niseme kama fundi, kwa sababu radi inaua. Tarehe 27 Januari 2025 iliwaua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, Bukombe mkoani Geita. Uganda, Juni 2011, katika shule ya msingi Runyanya wilayani Kiryandongo, iliua watoto 18 na mwalimu wao kwa pigo moja. Watu huuliza inawezekanaje pigo moja liue darasa zima. Radi ikifika ardhini haiishi pale. Umeme hutawanyika katika udongo, na mtu aliyesimama miguu mbali mbali, au mtoto aliyekaa peku kwenye sakafu ya udongo, hupitiwa kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Ng'ombe wanaokufa kundi zima chini ya mti mmoja hufa hivyo.

Shule inahitaji mtego wa radi uliofungwa na mtu anayejua: fimbo juu ya paa, waya mnene wa kopa ushuke kwa njia fupi, na nondo ichimbiwe mpaka ifike udongo wenye unyevu. Mchanga wetu wa Chamazi wakati wa kiangazi ni mkavu kwenda chini sana, na nondo fupi katika mchanga mkavu haisaidii kitu. Nimekuta majengo yenye fimbo nzuri juu na chini waya umekatwa ukauzwa chuma chakavu. Fimbo hiyo ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inaipokea radi bila kuipa njia ya kutoka. Kamati za shule ziutazame waya ule kila mwaka kabla ya vuli na kabla ya masika.

Nyumbani, chomoa plagi za runinga, king'amuzi na friji kabla radi haijafika. Stabilaiza haizuii radi. Chomoa na waya wa antena. Usioge, usifue, usiegemee ukuta wala nondo za dirisha. Simu isiyo kwenye chaji haivuti radi. Simu iliyochomekwa ukutani ndiyo ya kuiacha. Ndani ya gari la bati mtu yuko salama akifunga vioo, lakini bajaji na bodaboda hazimkingi. Chini ya mwembe au mnazi usisimame hata mvua iwe kubwa namna gani. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke.

Bibi yangu alikuwa sahihi kuhusu redio, maana siku hizo ilikuwa na waya mrefu wa antena juu ya paa. Kioo na nguo nyekundu havivuti radi. Wala radi haitumwi, ingawa hadithi za radi ya kutumwa kutoka Sumbawanga tumezisikia sote. Nazisema imani hizi kwa heshima, ila kuna moja nisiyoweza kuinyamazia: kwamba aliyepigwa na radi asiguswe. Mwili wake hauna umeme wowote. Wengi hufa kwa sababu moyo na pumzi vimesimama na waliomzunguka wamesimama pia. Mguse. Kama hapumui, mbonyeze kifuani kwa nguvu na haraka bila kukoma, mwingine atafute gari la kwenda hospitali. Mtu huyo anaweza kuamka.

Masika ijayo nakuomba mambo mawili. Weka kopo uani kwako na uandike namba yake kila asubuhi saa tatu, hata kama ni sifuri. Na usiku ukiona Pugu inawaka, usingoje mvua ifike kwako: mpigie ndugu yako aliye bondeni, mwamshe.